Mtu Aliyembeba Wepukhulu

Pikipiki ilibidi ibaki steji, kwenye kituo cha boda. Jentrix alikuwa amelisema hilo mara tatu kwenye simu: kabla ya kanisa, baada ya kanisa, na tena Griffins akiwa ameshafunga kifungo cha mwisho cha shati lake jeupe. "Mama akisikia injini tu, hakuna mtu atakula leo. Njoo kwa miguu, tafadhali. Kwa ajili yangu." Basi Griffins Oketch, mwanaboda ambaye kwa miaka sita hata kwenda kununua chumvi alikwenda kwa pikipiki, alikata vichochoro vya Obunga kwa miguu saa saba mchana. Jua la Jumapili lilimchoma utosini. Mkononi alibeba sukari na majani ya chai, na moyoni alibeba jambo zito kuliko hivyo vyote.

Tulitaje jambo lenyewe mapema, maana mimi sipendi hadithi ya kumzungusha mtu. Miaka miwili iliyopita, mwezi wa Agosti, mvua ikiwa imetoka kunyesha, kijana mmoja aliyekuwa akipeleka samaki Katito alimkwepa ng'ombe. Pikipiki yake ikateleza, naye akarushwa mtaroni. Griffins ndiye aliyemfikia wa kwanza. Akafanya yale ambayo mwanaboda yeyote angefanya siku zile, tena kwa moyo safi: akamvua helmeti kwa kuivuta, akamwinua akamkalisha, akamnywesha maji. Kisha yeye na mwenzake Enos wakampakia kwenye pikipiki, Enos mbele akiendesha, majeruhi katikati, Griffins nyuma amemkumbatia, wakakata kilomita kumi na mbili za mashimo hadi hospitali. Ukingoja ambulensi utangoja na maiti, ndivyo walivyokuwa wakisema steji. Walimlaza kwenye machela, wakaondoka mbio kabla polisi hajafika, kwa kuwa anayemleta majeruhi ndiye huulizwa wa kwanza alimgonga vipi.

Kijana yule aliitwa Wepukhulu. Hajasimama tangu siku ile.

Wiki tatu baadaye dhamiri ilimnyima Griffins usingizi, akaenda kumtafuta. Aliulizia mlango kwa mlango mpaka akafika wodini Kisumu. Kando ya kitanda alimkuta msichana, dada yake mgonjwa, akimlisha uji kwa kijiko, macho mekundu kwa kukesha. Alipoyainua macho hayo kumtazama mgeni, ulimi wa Griffins ukasahau ulichokuja kusema. Akajisikia akisema amepotea wodi. Msichana akamwelekeza njia, akamtabasamia kidogo kwa uchovu, na mambo yakaanzia hapo. Mapenzi ni kikohozi, wanasema, hayafichiki. Haya ya Jentrix na Griffins yalijulikana ufuoni Dunga kote, kuanzia kwa wavuvi hadi kwa mama wauza omena. Lile neno alilokwenda nalo hospitali ndilo halikujulikana na mtu.

Alikuwa amejaribu kulisema. Mwaka jana, kwenye meza yake ya kukaangia samaki pale Dunga, Jentrix alimtangulia. Alimnong'oneza siri ambayo hakuwa amemwambia hata mama yake: kwamba daktari alimwita pembeni, akamweleza kuwa mfupa wa mgongo ulivunjika pale mtaroni, lakini mshipa ulio ndani ya uti wa mgongo huenda ulikatika wakati wa kubebwa. "Huenda, Grif," alisema, mikono yake ina magamba ya samaki na machozi yanamtiririka bila mtu wa kuyafuta. "Hilo neno linanikeshesha. Siku nitakayomjua huyo mtu aliyembeba, Mungu anisamehe." Griffins alimfuta machozi kwa shati lake na hakusema kitu. Wiki iliyofuata alijiandikisha kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza.

Na leo alikuwa mlangoni kwa mama mtu.

"Hodi hapa."

"Karibu, Bwana Steji!" Sauti ya Wepukhulu ilimpokea kabla ya mtu mwingine yeyote. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, kanyolewa vizuri, shati la kanisani bado mwilini. "Umekuja kwa miguu? Haki leo ndio nimeamini unampenda dada yangu."

"Wacha utani mbele ya wageni," Mama Rosa alisema. Alimpa Griffins mkono, lakini macho aliyapitisha begani pake. Mama yake Jentrix, mjane wa marehemu Waliaula, alikuwa mama mfupi, mwenye mikono minene ya mtu aliyeinua mwili wa mtu mzima kila siku kwa miaka miwili.

"Keti, Bwana Oketch," alisema Mzee Khaemba, kaka yake Mama Rosa, aliyekuwa amesafiri kutoka Bungoma kwa ajili ya shughuli hii ya posa. Kwao, msichana asiye na baba husemewa na mjomba. "Hapa ni nyumbani. Tutakula kwanza. Maneno hayasemwi na tumbo tupu."

Jentrix alitoka jikoni na birika na beseni. Alikuwa amevaa gauni la kitenge la bluu, lile ambalo Griffins aliwahi kumwambia likivaliwa tena atashindwa kuendesha. Alipiga magoti mbele ya mjomba wake kwanza, kisha mbele ya mgeni. Maji ya uvuguvugu yalimwagika vidoleni, na chini ya beseni kidole chake kimoja kikagusa kifundo cha mkono wa Griffins, kikakaa hapo muda zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Usiogope," alimnong'oneza.

"Siogopi," Griffins alidanganya.

Ugali ukaletwa, mboga za kunde zikaletwa, na bakuli la kuku likawekwa katikati ya meza. Mzee Khaemba alishika kijiko ili amhudumie mgeni, kama ilivyo haki yake. Akakoroga mchuzi. Akakoroga tena, safari hii kutoka chini. Wote wakaanza kutazama kile kijiko.

"Rosa. Huyu kuku alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mzima."

"Sasa firigisi yake iko wapi?"

"Jikoni."

"Inafanya nini jikoni na mgeni ako hapa?"

Griffins alikuwa mtu wa ziwa, mtoto wa samaki, lakini nani hajui mambo ya watu wa Bungoma na kuku wao? Ukichinjiwa kuku na firigisi isije, umeambiwa kitu. Umeambiwa ule, unywe chai, uende zako salama. Jentrix alikuwa amesimama na birika mkononi na uso umemwiva kwa aibu.

"Mayi," alisema, akimwita mama yake kwa lugha ya kwao. "Tulikubaliana utamsikiliza."

"Nitamsikiliza. Sikusema nitampa firigisi." Mama Rosa aliketi, akakunja mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza akamtazama mgeni usoni. "Usikasirike, mwanangu. Sijasema wewe ni mtu mbaya. Unamheshimu binti yangu, hilo nimeliona. Lakini wewe ni mtu wa boda. Huyu hapa alikuwa mtu wa boda. Nimemwosha kitandani na yeye ni mwanamume mwenye ndevu. Namgeuza upande huu, namgeuza upande ule, asitoboke vidonda. Sina mikono mingine ya kumgeuza mume wa binti yangu. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Mama."

"Griffins si kama wengine!" Jentrix aliweka birika chini kwa kishindo. "Mjomba, uliza mtu yeyote mjini. Hapandi bila helmeti, na ya abiria anayo. Halipiti lori kwenye kona. Habebi watu wawili hata umlilie. Na watu wa steji yao, ni yeye anawafundisha! Waambie kuhusu mlango, Grif. Waambie."

"Mlango gani?" Mzee Khaemba aliuliza, kijiko bado hewani.

Griffins alisafisha koo. "Ni mlango wa zamani tu, Mzee. Tuliung'oa bawaba, tukaupaka rangi nyeupe, unakaa pale steji. Mtu akianguka, sisi hatumwinui tena. Hatumvui helmeti. Mmoja anapiga magoti anashika kichwa, hivi, kisicheze. Wengine wanne wanamsogeza kwa pamoja, analala juu ya mlango akiwa amenyooka. Kisha tunasimamisha pikapu au lori, lolote lenye nafasi. Kwa pikipiki habebwi."

"Hiyo ni akili," alisema mzee, na kichwa chake kikakubali polepole. "Mlijifunzia wapi?"

"Kwa makosa, Mzee."

"Mimi sikuletewa mlango," Wepukhulu alisema, akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

Mama Rosa aligeuka. "Wewe hukuhitaji mlango. Wewe ulipata mtu." Na hapo sauti yake ikabadilika, ikawa laini, ile ambayo Griffins hakuwa ameisikia bado. "Mnauliza firigisi ya nyumba hii. Firigisi ya nyumba hii ina mwenyewe. Siku mwanangu alipoanguka, watu walipita. Magari yalipita. Watu wawili wakasimama. Muuguzi aliniambia kwa mdomo wake: Mama, mmoja wao alikuwa amemkumbatia mtoto wako kifuani, shati lote damu, hata tulipoleta machela alikataa kumwachia mpaka daktari akamfungua vidole. Halafu akaondoka. Hakutaja jina. Hakuomba hata maji ya kunawa." Alifuta jicho kwa pembe ya leso. "Kila Ijumaa nikienda maombi, namtaja. Simjui jina, namwita Mkumbatiaji. Na kila kuku ninayemchinja, firigisi namwekea yeye, hata kama mwisho wake inaliwa na paka. Huyo ndiye mtu wa boda peke yake ninayemheshimu chini ya jua."

Griffins alitazama sahani yake. Tonge la ugali lilikuwa limemkaukia mkononi.

Mama Rosa alimwinamia. "Na wewe ni mtu wa steji. Nyinyi mnajuana kutoka hapa mpaka Katito. Sikiza, mwanangu. Nitafutie huyo mtu. Mlete hapa nimshike mkono. Ukifanya hivyo, kaka yangu ni shahidi, sitakuwa na neno tena. Binti huyu hapa, utamchukua."

"Rosa!" Mzee Khaemba alisema. "Umelisema na mimi nimelisikia."

"Nimelisema."

Msomaji, hebu jiweke pale. Mlango aliokuwa akiubisha mwaka mzima ulikuwa umefunguka wazi, na ufunguo ulikuwa yeye mwenyewe. Maneno mawili tu. Griffins aliinua macho, na mtu wa kwanza aliyemwona ni Jentrix, ambaye uso wake haukuwa na furaha hata kidogo.

"Mwache huyo mtu, Mayi," Jentrix alisema.

"Nimwache vipi?"

"Acha kumwombea. Acha kumwekea firigisi. Nimenyamaza miaka miwili nisikuvunje moyo, lakini leo siwezi. Unamkataa Griffins anayewafundisha watu, halafu unamtukuza yule... yule..."

"Jentrix," Griffins alisema kwa sauti ya chini.

"Wacha niseme! Daktari aliniambia. Mfupa ulivunjika pale chini, sawa, ni ajali. Lakini huenda mshipa haukuwa umekatika. Huenda ulikatika kwenye pikipiki, Mayi! Walimkalisha! Walimkunja! Walimrusha kwenye mashimo yote mpaka hospitali! Huyo Mkumbatiaji wako huenda ndiye aliyemkalisha Wepukhulu kwenye hicho kiti!"

Mama Rosa alishika ukingo wa meza.

"Kumbe kweli asante ya punda ni mateke," alisema. "Mtu amwokoe kaka yako, wewe umtukane."

Lakini Griffins hakuwa akimtazama mama. Alikuwa akimtazama Wepukhulu, ambaye kumbe naye hakuwahi kuambiwa. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. Alikuwa akiyatazama magoti yake mwenyewe, na mikono yake imeshika magurudumu kana kwamba kiti kingeondoka kivyake.

Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, sawa Mama, nitamtafuta, kisha arudi mwezi ujao aseme hakumpata. Nani angejua? Enos alikuwa ameshahamia Busia. Lakini kuna kunyamaza kunakomalizika wakati wake, hata mwenyewe ukitaka kuendelea. Aliweka tonge kwenye sahani.

"Ni mimi, Mama."

"Ni wewe nini?"

"Mtu aliyembeba. Niliyekuwa nyuma. Ni mimi."

Mama Rosa alimtazama kama asiyesikia vizuri. Kisha akainuka, akazunguka meza, akaichukua mikono ya Griffins yote miwili na kuigeuza juu na chini.

"Ni hii?" aliuliza. "Ni hii mikono?"

"Ndiyo, Mama."

"Woi! Papa wee! Khaemba, ni hii mikono!" Alipiga kigelegele, kikakatika katikati kwa kilio. Akambusu mgeni viganja, akakimbia jikoni, akarudi na kisahani kidogo chenye firigisi moja, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili na kupiga magoti. "Kula, mwanangu. Kula. Na mimi nilikuwa nakunyima! Mungu anisamehe, nilikuwa nakunyima!"

Griffins alikitazama kile kisahani. Hakuweza kukigusa.

Jentrix hakuwa amesogea. Alikuwa amesimama pale pale na rangi yote imemtoka usoni, akimtazama mwanamume ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemlilia kifuani mara nyingi akimlaani mtu huyo huyo. Alipoongea hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomwogopesha Griffins zaidi.

"Nikuulize kitu kimoja tu."

"Uliza."

"Daktari alisema huenda. Hakuwepo, hakuona. Wewe ulikuwepo. Pale chini, kabla hujamgusa. Wepukhulu alikuwa anasogeza miguu?"

Hapa ndipo mambo yote yalipofika. Mzee Khaemba aliacha kutafuna. Mama Rosa alibaki magotini, akigeuza macho kwa binti yake na kwa mgeni. Hakuna mtu mwingine duniani aliyejua jibu; hata Enos alifika majeruhi akiwa ameshakalishwa. Wepukhulu mwenyewe hakukumbuka kitu cha siku ile baada ya ng'ombe. Neno moja, hapana, lingemaliza hadithi: ajali ingebaki ajali, mama angebaki na Mkumbatiaji wake, mjomba angesema amina, na kabla ya Krismasi Griffins angekuwa akiamka kila siku kando ya msichana huyu. Ulimi ulishalitengeneza hilo neno, likamjia mpaka kwenye meno.

Aligeuka, akamtazama Wepukhulu.

"Alikuwa anaisogeza," alisema. "Yote miwili. Kiatu kimoja kilikuwa kimetoka, niliviona vidole vikicheza kwenye matope. Nilipomkalisha alilia sana, nikafikiri ni uchungu tu. Tulipofika hospitali, miguu ilikuwa inaning'inia."

Mama Rosa alitoa sauti kama ya mtu aliyepigwa tumboni. Akaketi chini pale pale sakafuni.

"Ungesema hapana," alinong'ona. "Mwanangu, si ungesema tu hapana."

Jentrix alitoka nje. Griffins aliinuka kumfuata, akaomba radhi kwa mzee kwa kuinamisha kichwa, na hakujua kama mzee aliitikia. Alimkuta uani kwenye kamba ya nguo, mgongo ameugeuza, ameng'ang'ania shuka moja la kaka yake lililokuwa likikauka.

"Usinishike."

"Sikushiki."

"Mwaka na nusu, Griffins! Mwaka na nusu unanifuta machozi unajua ni ya nini! Nilikwambia pale Dunga. Nilikwambia wewe, sikumwambia hata mama yangu! Ukanyamaza!"

"Nilikuja hospitali kusema. Siku ile ya kwanza. Nikakuona."

"Ukaniona ukafanya nini? Ukanihurumia? Ukasema, hawa watu nimewavunjia kijana, wacha nimpende dada yao tuwe sawa?" Aligeuka, na macho yake yalikuwa yanawaka. "Niambie ukweli, maana leo umeanza kuusema. Mimi ni nini kwako? Mimi ni toba yako?"

Griffins alitaka kusema neno zuri, lile wanalosema wanaume kwenye redio. Halikuja.

"Toba yangu ni ule mlango wa steji," alisema. "Ningeufanya hata kama usingenitazama. Hata kama ungekuwa umeolewa. Lakini wewe... Jentrix, mimi nikikuona unageuza samaki na mkono mmoja na mwingine unafukuza nzi, unaimba wimbo ambao maneno huyajui, nasahau kwamba niliwahi kumbeba mtu. Hiyo ndiyo dhambi yangu. Si kwamba nilikupenda kwa sababu ya Wepukhulu. Ni kwamba nikikupenda, namsahau."

Jentrix aliziba mdomo kwa lile shuka. Kila kitu kilichokuwa ndani ya Griffins kilitaka kuziba zile hatua tatu zilizokuwa kati yao. Alibaki alipo.

"Kwa nini hukudanganya?" Jentrix aliuliza hatimaye. "Nilikupa nafasi. Mbele ya watu wote nilikupa nafasi. Nilikuwa naomba moyoni useme hapana."

"Ningesema, ungeniamini?"

"Ningekuamini! Mpaka kufa ningekuamini!"

"Ndiyo maana nimeshindwa."

"Basi nenda," alisema, akaelekeza mkono kwenye lango la mabati. "Nenda, Griffins. Kaka yangu alikuwa na miguu. Siwezi kulala na mtu aliyeiona ikicheza."

Griffins aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameshageuka na kupiga hatua mbili aliposikia magurudumu yakikwaruza kizingiti. Wepukhulu alikuwa amejisukuma mwenyewe mpaka mlangoni, jasho linamtoka, gurudumu la mbele limekwama kwenye ufa wa sementi.

"Jentrix."

"Rudi ndani, Wepukhulu. Hii ni yangu na yeye."

"Hapo ndipo umekosea." Hakuwa na utani wowote. "Miguu ni ya nani?"

Jentrix aligeukia tena kamba ya nguo.

"Nimekuuliza. Miguu ni ya nani? Ni ya mama? Ni yako?"

"Ni yako."

"Basi hasira ya miguu ni yangu. Mnaigawana ninyi wawili tangu siku ile, huyu anamwombea, huyu anamlaani, na hakuna hata mmoja amewahi kuniuliza." Alimgeukia Griffins, akamtazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu mpaka uso. "Wewe. Sijakusamehe. Nisikudanganye. Nimejua saa hii tu, na ningekuwa na miguu ningekupiga. Labda kesho nitakusamehe, labda mwakani, labda nisiweze. Lakini kulikuwa na damu, na watu walikuwa wanapita, na wewe ulisimama. Nitayapima hayo mimi, kwa wakati wangu. Si ndivyo?"

"Ndivyo," Griffins alisema.

"Na wewe, dada. Tafuta hasira yako mwenyewe, kama unayo. Yangu niachie."

Alijaribu kukigeuza kiti arudi ndani. Gurudumu likakataa. Jentrix alimkimbilia, akamshika mabega, akasukuma, akashindwa, kwa kuwa mgongo wake wenyewe ulikuwa umechoka kwa miaka miwili ya kuinua. Griffins hakuthubutu kusogea bila kuitwa. Alisimama pale langoni, anaumia kwa kutazama.

Wepukhulu ndiye aliyepiga mluzi, mfupi, wa kuita boda.

Griffins akaja. Alipiga magoti, akaangalia kwanza miguu imekaa vipi, akaisogeza isije ikabanwa, kisha akainua upande wa mbele wa kiti polepole, mgongo wa Wepukhulu umenyooka muda wote, akakivusha kizingiti na kukitua ndani bila mtikisiko. Alipotoka, Jentrix alikuwa amesimama mlangoni na macho yamevimba.

"Hasira yangu ni kwamba ulininyamazia," alisema. "Hiyo ni yangu, na ni kubwa."

"Najua."

"Sijui itaisha lini."

"Najua."

"Bado nakupenda, na hilo linaniudhi kuliko yote. Usitabasamu."

"Sitabasamu, Jentrix."

Alijifuta uso kwa mikono yote miwili, akavuta pumzi. "Kesho saa mbili asubuhi ana mazoezi hospitalini. Teksi haifiki huku ndani, na mama hawezi kumwinua leo wala kesho, umemwona alivyo. Utakuja. Utamwinua kitandani, utamweka kwenye kiti, utamfikisha barabarani. Mimi usinisemeshe mpaka nikusemeshe. Umesikia?"

"Nimesikia. Nitakuja."

"Usije kunioa, Griffins," alisema, na sauti ikamvunjika. "Uje kumbeba."